Joho la Muuaji

Hapo zamani, katika mji wa Kivungwi, kila baada ya mavuno watu waliigiza mchezo, na aliyewapendeza zaidi alivikwa joho. Mwaka huo Shekue alilitaka joho kufa na kupona, maana baba yake Mwanatumu, binti aliyemposa, alishasema: hakuna joho, hakuna harusi.

Bi Mize, mtunzi wa mchezo, akampa Shekue nafasi ya jirani mwema. Vuai akapewa ya muuaji, mwanamume anayeoa, ananyonga, anaoa tena. Mke wa kwanza, Kidawa mfinyanzi, alikufa watu hawajakaa hata vizuri.

Basi Shekue akawaonya wake wa muuaji. Akaonya, akaonya, akaonya tena, mpaka watu wakapiga miayo. Vuai akaingia taratibu, kanzu imenyooka, hana haraka, haogopi mtu. Akamkalisha mke wa pili, akamtabasamia, akamuuliza siku yake ilikwendaje, akasikiliza jibu lote mpaka mwisho. Loo! Wanawake wakashusha pumzi. Wengine hawajaulizwa swali hilo tangu fungate. Alipomnyonga, alimnyongea nyuma ya pazia, akatoka anarekebisha kofia, nao wakamtunza kwa kumrushia kanga. Ya kwanza ilikuwa ya Mwanatumu. Shekue aliiona, na moyo ukamuuma kwelikweli.

Likaja suala la joho. Vuai akadai ni lake, kwa kuwa tabasamu ni lake. Bi Mize akasema bila maneno aliyomtungia, tabasamu lile lingekuwa meno tu. Na pazia aliliweka yeye, ili watu wasione marehemu anavyotapatapa.

Mwanatumu akasema hao wanajisifu bure. "Sisi watazamaji ndio tuliomfanya muuaji apendeze. Tulijua mchezo ukiisha tunarudi nyumbani salama. Angenipigia hodi kweli, ningepiga mayowe mji mzima uamke."

Shekue akasimama. "Mimi ndiye niliyewachosha. Nisingewachosha, nani angemwona huyo mtamu?"

Mwanatumu akacheka, kisha akaacha kucheka. Joho likabaki limekunjwa, na baba mkwe anangoja.

Haya, nyinyi wenye majibu, naona midomo inawawasha. Kwanza niambieni, yule mke wa kwanza aliitwa nani vile? Mnaona! Mmeshamsahau, na muuaji bado mnamchekea.

Haya, sasa semeni. Mwenye tabasamu, mwenye maneno, waliorusha kanga, au mwema aliyewachosha: je, nani alistahili joho?