Mawe Mawili Chini ya Kitanda

Gogo la mti mgumu halimalizwi kwa pigo moja la shoka, hata mpigaji awe na kifua cha nyati. Humalizwa na yule anayebandua kibanzi leo na kingine kesho, asiyeona haya kuonekana anafanya kazi ndogo. Hiyo ndiyo maana ya methali isemayo bandu bandu huisha gogo. Mwasiti wa mtaa wa Majengo, mjini Goma, aliijua tangu utotoni, ila methali huwa nyepesi mdomoni. Uzito wake huonekana siku ya kuitumia.

Mumewe, Mzee Assani, alikuwa muadhini wa msikiti wa mtaa ule. Walihamia Goma kutoka Kindu miaka ile nchi ilipopewa jina la Zaire, naye akawa anauza mchele na mawese sokoni Birere. Msikiti haukuwa na kipaza sauti, wala hakikuhitajika. Kila alfajiri sauti yake ilipanda juu ya mabati, ikapenya ukungu, ikamfikia Mwasiti akiwa nusu usingizini, hata asijue kama anaota au anaamka. Aliipenda sauti ile kabla hajampenda mwenyewe, na hakulificha jambo hilo.

Kisha sauti ikaanza kukwaruza. Mzee Assani alikuwa na ugonjwa wa sukari kwa miaka mingi. Sasa kila alipokula, chakula kilikaa tumboni kama mgeni asiyejua kuaga, na kila alipolala kiungulia kilimpanda hadi kooni. Akisujudu, maji makali yalimjaa mdomoni. Majirani waliompenda wakamletea dawa ya koo waliyoizoea watu wa Maniema, mkoa wa Kindu: mawese, kijiko kikubwa asubuhi na jioni. Mwasiti naye akazidisha chakula, maana mume alikuwa amekonda, na kwao mke hupimwa kwa sahani ya mumewe. Kadiri alivyomjazia, ndivyo sauti ilivyofifia, hadi Musafiri, fundi cherehani, akaanza kuadhini badala yake. Wazee wa msikiti walisema kwa upole kwamba sauti ya Assani isiporudi kabla ya mwezi wa Ramadhani, kazi ile itakuwa ya Musafiri moja kwa moja.

Siku hiyo Mzee Assani aligeukia ukuta. Mwasiti alilia jikoni mpaka akatosheka, kisha akamshika mumewe mkono wakaenda kwa daktari.

Daktari Birindwa alimlaza mzee, akatega sikio tumboni, akamtikisa kiunoni taratibu. Mwasiti alisikia kwa masikio yake mwenyewe: maji yalicheza mle ndani kama kwenye kibuyu, ilhali mumewe hakuwa ametia kitu kinywani tangu jana.

"Mama, umesikia?" daktari akauliza. "Ile ni chakula ya jana. Sukari imechokesha tumbo, haisukume tena chakula muzuri. Ikijaa, asidi inapanda, inachoma koo. Njo maana sauti inaisha."

"Docteur, sisi tulimupatia mawese juu ya ile koo," Mwasiti akasema kwa sauti ndogo.

"Mafuta inachelewesha tumbo zaidi, mama. Uache. Umupatie kidogo kidogo, mara mingi: uji, muchele laini, samaki ya kuchemusha. Kidonge hiki ni cha kuamusha tumbo, anakunywa mbele ya kula. Hiki kingine ni cha asidi. Akisha kula, asilale, mutembee. Na kitanda, muinue upande wa kichwa."

Mwasiti alikuwa akingoja dawa kubwa, sindano ya kutisha labda. "Ni hii tu?"

"Ni hii tu. Lakini kila siku."

Goma haijawahi kupungukiwa na mawe. Mwasiti aliokota mawili meusi, yaliyomwagwa zamani na mlima wa moto, akayaweka chini ya miguu ya kitanda upande wa kichwani. Mzee Assani alilala ameinuka kama aliye ndani ya mtumbwi, akaota anavuka mto kule Kindu, akipiga kasia polepole, na mto hauna haraka. Jioni, akishamaliza kikombe chake cha uji, walitoka kutembea. Ukungu ulishuka, wingu juu ya mlima huo wa Nyiragongo likawa jekundu, na vijana wakawatania wazee wale wanaotembea kama wachumba. Sauti ikaanza kuchipua.

Ndipo Saumu, dada yake Assani, alipofika kutoka Kindu na debe la mawese. Alipoona uji kikombeni, alishika kiuno.

"Wifi, ndugu yangu ni ndege? Mutu mukubwa namna hii unamupimia na kikombe?"

Mwasiti aliona haya, na haya hiyo ndiyo iliyomponza. Alimwachia jiko, Saumu akapika. Wali ulirundikwa, sombe la majani ya muhogo likaogelea katika mawese, na mzee akala huku machozi ya furaha yakimlengalenga. Jua halijazama, alikwisha kutapika chote, na ile sauti changa ikazimika.

Saumu alikuwa ameshika beseni. Mwasiti akamwambia, "Wifi, minakuheshimia. Lakini kwa hii nyumba sahani ni ndogo. Kama ni kuona haya, haya iwe yangu."

Kesho yake debe liligawiwa majirani, naye Saumu akaonekana amepiga magoti chini ya kitanda, akikaza jiwe lililokuwa likitikisika.

Wakaanza upya: kikombe, kidonge, matembezi, kikombe tena. Mwasiti alichoka, na mara nyingine alichukia hata harufu ya uji. Hakuacha.

Mwezi wa Shaabani, unaotangulia Ramadhani, ulipokuwa ukielekea ukingoni, Mwasiti aliota yu msichana Kindu, na sauti anayoipenda inapanda kutoka ng'ambo ya mto. Alijizuia asiamke, asije akamsikia Musafiri. Sauti ikakwama kidogo, kama ya mtu mzee, kisha ikaendelea hadi pale pasemapo kwamba sala ni bora kuliko usingizi. Akanyoosha mkono. Upande wa pili wa kitanda ulikuwa mtupu, na kando yake kikombe cha uji kilikuwa bado na joto.

"Wifi," Saumu akaita kutoka chumba cha pili, "unasikia?"

"Ninasikia," Mwasiti akasema, akilia bila kujificha.

Hakika, bandu bandu huisha gogo.