Vyungu Arobaini vya Atuganile

Chungu hakisifiwi, hugongwa. Mmemsikia shangazi yenu akimwambia hivyo yule muuza masufuria aliyepita asubuhi, mkacheka, na sasa mnauliza maneno hayo yalitoka wapi. Sogeeni basi. Methali hii ilianza hivi.

Kando ya Ziwa Nyasa, chini ya milima, alikuwapo mfinyanzi mmoja jina lake Atuganile. Shule aliishia darasa la saba. Mumewe alishafariki, na mtoto alikuwa naye mmoja tu, Sekela, msichana wa kwanza wa kitongoji kile kufika kidato cha tano. Alisoma Uchumi, Biashara na Uhasibu katika shule ya bweni kando ya barabara ya Mbeya, mwendo wa nusu siku kwa basi. Kila chungu alichofinyanga Atuganile kilikuwa nauli ya Sekela, au sabuni yake, au daftari lake.

Wafinyanzi wa pale walikuwa na desturi yao. Chungu hakikuuzwa mpaka kigongwe kwa kifundo cha kidole mbele ya mnunuzi. Kizima hulia ng'oo, sauti ikabaki hewani. Chenye ufa, hata ule usioonekana kwa macho, hutoa kishindo kifupi, duf, kama mtu aliyezibwa mdomo. Hicho waliita chungu bubu, na mwenyewe alikivunja kwa mkono wake, vigae akavisaga na kuvichanganya na udongo wa vyungu vingine.

Sekela aliporudi likizo ya Juni alikuta mama yake amechoma vyungu arobaini. Manyunyu yalikuwa yameangukia moto kabla haujakolea, na Atuganile alipovigonga pale uani, kumi na kimoja vilikuwa bubu. Akainua cha kwanza ili akivunje. Sekela akamshika mkono.

"Mama, ngoja kwanza. Hiyo yote hasara."

"Chungu bubu hakiuzwi, mwanangu."

"Hakiuzwi kwa sababu mnakigonga. Sisi tumefundishwa kwamba mteja hununua kwanza kwa macho. Ukigonga unamtia shaka ambayo hakuja nayo."

Akaleta daftari lake la somo la Biashara, akasoma. Mwonekano wa bidhaa. Tangazo. Jina la biashara. Alisoma kurasa nne bila kukwama, na Atuganile akasahau hata kukaa. Mtoto huyu alikuwa akibebwa mgongoni mwake wakati wa kuchimba udongo, na leo maneno yalimtoka yamepangika kama vyungu vilivyo tayari kwa moto. Swali alikuwa nalo: na siku chungu kitakapotiwa maji kikatelekwa, je? Lakini yeye wa darasa la saba, abishane na kitabu kwa lipi? Akalimeza.

Hapo ndipo alipokosea. Mama mwenye mtoto msomi na asikie.

Sekela akakoroga udongo mwekundu laini na mawese, akavipaka vyungu vyote, akavisugua kwa kokoto mpaka vikang'aa. Nyufa zikafukiwa. Shingoni akachora maua meupe, na kila kimoja akakitundikia kikaratasi: Vyungu Bora vya Mama Sekela.

Jumamosi, gulioni, watu waliacha samaki mizanini wakaja kutazama. Sekela alisimama mbele ya vyungu, akaeleza kama mwalimu. Wazee waliguna kwa kustaajabu. Mwanamke mmoja alisema, "Hivi mimi nitaviteleka au nitavifungia kabatini?" Watu wakacheka, na Atuganile akacheka nao, machozi yakimlengalenga kwa fahari.

Ndipo akaja Mwaijande, mwenye lori, aliyekuwa akinunua vyungu vya wafinyanzi wote wa pale na kuvipeleka Mbeya. Akavizunguka mara mbili, mikono nyuma.

"Nachukua vyote," akasema. "Vijana, pakieni."

"Hutagonga?" Atuganile akauliza.

"Mama Sekela, miaka kumi na minne ninagonga vyungu vyako, sijapata bubu hata kimoja. Leo nigonge cha nini? Nitakuwa nakutukana."

Vijana wakaanza kupakia. Sekela alimtazama mama yake, macho yanang'aa, nauli ya kidato cha sita imeshapatikana. Mbeya ni mbali. Chungu kikivujia huko, nani angejua kilitoka mkono upi?

Atuganile alijua.

"Shusheni," akasema.

"Mama," Sekela akanong'ona, "tafadhali. Nauli yangu imo humo."

"Najua imo."

Akapiga magoti, akavuta chungu cha kwanza, akakigonga. Ng'oo. Akakiweka kando. Cha pili, ng'oo. Cha tatu kikasema duf. Akakiinua na maua yake na kikaratasi chake, akakibwaga chini.

Hata waliokuwa wakipigania bei ya ndizi waliacha, wakageuka kutazama. Ikabaki sauti ya kidole na sauti ya vyungu vikijibu, na kila baada ya muda kishindo cha kimoja kinachovunjika. Kikavunjika bubu cha nne, cha tano, cha nane. Atuganile hakumtazama mtu.

"Lakini watu walikuwa wanavisifu," Sekela akasema.

"Chungu hakisifiwi, mwanangu. Hugongwa."

Kumi vilikuwa vimevunjika. Kilibaki kimoja kisichogongwa, kizuri kuliko vyote, kile ambacho Sekela alikipamba siku nzima. Atuganile akakisukuma kwa bintiye, akangoja. Sekela akakunja kidole. Akagonga. Duf.

Alikikumbatia kidogo, kama mtu anayeaga. Kisha akakiinua mwenyewe, akakivunja.

Mwaijande alivua kofia, akakaa nayo mkononi kama aliye msibani. Kisha akasema, "Ishirini na tisa nalipa. Na wewe binti, huko shuleni kwenu hakuna vyungu?"

"Hakuna, baba."

"Basi nauli yako usiitafute. Lori langu linapita getini kwenu. Utapanda shule ikifunguliwa, ukae na vyungu huko nyuma, uvigonge njia nzima usije ukasahau."

Watu wakacheka tena, taratibu, kama wanaoamka.

Muhula ulipoanza, mwalimu wa Biashara aliuliza darasa, mteja aangalie nini kwanza, bei au tangazo. Sekela akasimama, akasema chungu hakisifiwi, hugongwa, akaeleza na sababu yake. Mwalimu akamsogelea.

"Nani kakufundisha?"

"Mama yangu."

"Kasoma wapi?"

"Darasa la saba, mwalimu. Kisha vyungu."

Mwalimu akageuka, akayaandika maneno hayo juu kabisa ubaoni, na zamu ya kufuta ubao ilipofika hakuna mwanafunzi aliyethubutu kuyagusa. Wanafunzi wale ndio waliorudi na methali hiyo makwao, ikafika hata kwa shangazi yenu.

Kwa hiyo ninyi mnaokwenda kidato cha tano, someni Biashara, mtushangaze wazazi wenu, nasi tutashangaa kweli. Ila siku mtakaporudi na maneno mazuri, mkituona tumekunja kidole, msitushike mkono. Chungu hakisifiwi, hugongwa.