Fimbo ya Festo na Mbwa Asali

"Ukimwita kwa fimbo, siku ya moto haji."

Mmemsikia mama yenu akimwambia jirani maneno hayo, mkanikimbilia mkicheka, eti bibi, fimbo na moto vinahusiana nini? Haya, kaeni. Na wewe maliza kutafuna kwanza, sishindani na muwa. Methali hii ilianza hivi, nami nilikuwepo, kwa hiyo mtu asiniambie natunga.

Festo Mgaya alikuwa mpasua mbao katika misonobari ya kule juu Njombe. Maisha yake yote hakuwahi kufuga hata paka. Siku moja daktari wa mifugo aliyekuwa anahama akamwachia mtoto wa mbwa wa kizungu, mwenye manyoya marefu ya rangi ya asali. Edina, binti yake mdogo, akampa jina hilo hilo, Asali. Mtoto na mbwa wakawa chanda na pete. Kila mlo, Edina aligonga bakuli la bati kwa kijiko, na Asali alikuja mbio hadi miguu inapishana.

Festo aliuliza wenzake mbwa hufundishwaje. Wakamwambia walivyoambiwa na baba zao: mbwa akizurura, mwite, na akifika mchape pale pale mlangoni, atajua kwao ni wapi. Basi Festo akakata fimbo. "Asali! Njoo hapa!" Mbwa anakuja anatikisa mkia, anachapwa. Kesho tena. Jamani! Mbwa atajuaje kwamba anachapwa kwa kuondoka? Yeye alijua hivi tu: nimeitwa, nimekuja, nimepigwa. Mama yangu, aliyekuwa jirani yao, alimwonya. Festo akamjibu kwamba mbwa ni wake.

Ukaja mwezi wa kumi, nyasi zimekauka, upepo hautulii. Asubuhi hiyo Asali alitafuna kiatu cha Festo cha kuendea kanisani. Festo akachukua fimbo, akatoka akiita. Edina alipomwona baba yake, akamshika mbwa shingoni, wakapotelea kwenye misonobari. Wakati huo huo kuna mtu alikuwa anachoma shamba upande wa bondeni, na moto ukamponyoka.

Wanangu, moto wa misonobari msiuombe. Unanguruma. Moshi ulitushukia, jua likawa jekundu, na sisi tuliokimbia na ndoo na matawi tukajua hatuuwezi. Mle ndani mlikuwa na mashimo ya zamani ya kupasulia mbao, yamejaa nyasi, na Edina alikuwa katika mojawapo. Lipi? Hakuna aliyejua.

Festo alikimbia huku na huku akipiga kelele. "Asali! Njoo hapa! Edina! Njooni!" Kimya. Akazidisha sauti. Kimya. Moto ulikuwa umeshashika miti ya ukingoni, na cheche zilikuwa zinatuangukia kichwani.

"Nyamaza, Festo!" mama akamkemea. "Hiyo ndiyo sauti wanayoikimbia!"

"Mwanangu ataungua, mama! Nifanye nini?"

"Na hiyo fimbo mkononi ni ya nini?"

Festo akaitazama. Kumbe tangu asubuhi hakuwa ameiachia. Akaitupa motoni, akaanza kulia, mwanaume mzima, mbele ya watu.

Mama alikuwa na beseni la bati. Akaligeuza, akaokota kijiwe, akagonga polepole, kama Edina agongavyo bakuli. Hakuharakisha. Tukaziba midomo yetu tusikohoe. Akagonga tena.

Mbwa akabweka.

Ulikuwa mbweko mmoja tu, hafifu, kutoka upande ambao tayari ulikuwa mweusi kwa moshi. Festo aliingia humo bila kuuliza mtu. Aliwakuta shimoni, Edina amelala juu ya mbwa, amemfunika kwa gauni lake. Mtoto alipomwona baba yake hakunyoosha mikono abebwe. Alimkumbatia mbwa zaidi.

"Baba, usimpige," alisema. "Alitaka kuja. Mimi ndiye niliyemziba mdomo."

Festo aliwatoa wote wawili. Moto ulipita juu ya lile shimo kabla hatujafika barabarani.

Hakumpiga tena Asali hata siku moja. Alimpa nyama, alimkuna masikio, walizeeka pamoja. Lakini Festo akisema tu "Asali, njoo," mbwa alilala tumbo chini na kutetemeka, na kojo likamtoka. Ilimlazimu agonge bati ndipo amfuate. Mpaka anazikwa, Festo alitembea na kifuniko cha kopo mfukoni. Watu walipomuuliza cha nini, hakusimulia habari ndefu. Alikitoa, akakitazama, akasema:

"Ukimwita kwa fimbo, siku ya moto haji."