Mtamba Mmoja na Chupa za Fursadi

"Laki tisa!" alisema Hoza. "Mnunuzi ametaja laki tisa mbele yangu. Tumuuze, tugawane tatu tatu, yaishe."

"Umuuze mtamba wa nani?" dada yake Zawadia akamrukia. "Siku kumi na nane nimeinamia moshi, macho mekundu kama pilipili, leo uje kunikatia laki tatu?"

"Kwani ulichokipika kilikuja jikoni kwa miguu yake?"

Chiku, mke wa ndugu yao mdogo anayefanya kazi mjini, alikuwa amesimama uani na kamba ya yule ng'ombe mtamba mkononi. "Mkimaliza mniambie," alisema. "Kamba ninayo mimi."

Mama yao, Bi Saumu, ambaye wiki tatu nyuma hakuweza hata kujigeuza kitandani, alikuwa ameketi kibarazani akiwasikiliza. "Sikuahidi noti," alisema. "Niliahidi mtamba, tena kwa mtu mmoja. Neno langu sirudishi."

Basi nyamazeni, niwaeleze walikotoka. Sitaongeza na sitapunguza.

Hii ni nyumba ya milima ya Usambara, huko juu ambako ukungu hauondoki mpaka saa nne. Hoza, mkubwa, kajaliwa miguu: mlima unaokutoa roho wewe, yeye anaupanda akipiga mluzi. Zawadia, wa pili, kajaliwa subira ya moto. Anauza vitumbua, na hakuna aliyewahi kula kitumbua chake kilichoungua. Chiku, mkwe, kajaliwa mdomo. Anasema lilivyo, kisha anakutazama usoni kuona kama umelisikia.

Homa ilimshika Bi Saumu. Ilipoondoka ilimwacha ngozi na mifupa. Uji aliutema. Mchuzi aliutema. Muuguzi wa zahanati akaja, akampa vidonge, akawaita wale watatu kando.

"Tumbo lake kwa sasa linapokea vijiko sita tu kwa mara moja," alisema. "Basi kila kijiko kiwe na kitu ndani. Anatamani nini?"

Bi Saumu akasikia, akajibu mwenyewe kwa sauti ya uzi: "Fursadi. Vile vitunda tulivyokuwa tukila mimi na kaka yangu mpaka meno yanageuka rangi."

Muuguzi akacheka. "Hujakosea, mama. Fursadi ina sukari yake yenyewe, ina madini ya chuma kidogo, ina vitamini C. Ikamueni, muipunguze maji juu ya moto mpaka iwe nzito. Maji yatakwenda, sukari na chuma vitabaki kwenye kijiko. Ila vitamini C haipatani na moto. Mkiichemsha kwa fujo itakufa humo humo sufuriani. Sukari ya dukani msitie. Na juisi si dawa. Vidonge asiache."

Alipoondoka, Bi Saumu akasema: "Atakayeniinua hapa, mtamba ni wake." Akalala.

Sasa sikilizeni kila mmoja alifanya nini.

Hoza alikwenda kutafuta. Msimu pale kijijini ulikuwa umekwisha, fursadi zilibaki ng'ambo ya bonde tu, mwendo wa saa tatu kwenda na nne kurudi, maana kurudi ni kupanda. Alikwenda kila baada ya siku moja. Alichuma zilizoiva zikawa nyeusi, nyekundu akaziacha. Hakuzitia kwenye gunia, zingepondeka njiani. Alizibeba kwenye vikapu vinne, vimetandikwa majani. Siku lori la wanunuzi wa kabichi lilipopita kijijini, Hoza alikuwa bondeni. Kabichi zake zikapasukia shambani, hakuuza hata moja. Alipoulizwa alisema, "Kabichi nitapanda tena. Mama sitapanda."

Zawadia alikaa jikoni. Alikamua, akachuja kwa kitambaa cheupe, akabandika sufuria pana juu ya makaa yaliyofunikwa majivu. Hakuiacha itokote. Ikianza kutoa povu aliiepua, ikitulia aliirudisha, hivyo hivyo kutwa nzima. Vikapu vinne vikawa chupa moja. Tena alikuwa na akili: kikombe kimoja cha juisi mbichi alikiweka kando, sufuria ilipopoa akakirudishia humo, ili kile kilichouawa na moto kipate mrithi. Siku zote hizo hakukaanga kitumbua. Wateja wake wakahamia kwa jirani, na hadi leo wako huko huko.

Na Chiku? Hapa ndipo watu wanapopandisha sauti, basi nisikatizwe.

Chupa ya kwanza iliisha kwa siku moja, na mgonjwa hakunywa hata robo yake. Mnajua kwa nini. Mnajua kwa sababu nanyi mngefanya hivyo. Watu walikuja kumjulia hali Bi Saumu, na mgeni hakai mikono mitupu. Zawadia akamimina, akaongeza maji, akazungusha bilauri. Wageni kumi na mmoja. Wakasifu, "Tamu hii, jamani!", wakaomba ya pili. Jioni mgonjwa akaletewa kilichobaki, nacho kimeongezwa maji ili kitoshe. Chiku akakiinua kwenye mwanga. "Hii si juisi," alisema. "Haya ni maji yaliyoona haya."

Kesho yake akaichukua chupa ya pili, akaifungia sandukuni, ufunguo akaufunga kwenye pindo la kanga. Kila aliyekuja alimpa maji baridi.

"Juisi imekwisha?" waliuliza.

"Ipo. Ya mgonjwa."

Angeweza kusema imekwisha. Hakusema. Mkwe, mtu wa kuja, anawanyima wageni mbele ya macho yao! Kijiji kizima kikamchambua kisimani.

Siku ya tano akaja Mzee Shemboza, kaka yake Bi Saumu, yule yule wa meno ya fursadi. Alikuwa ametembea tangu alfajiri.

"Mwanangu," alimwambia Chiku, "nasikia kuna fursadi. Nionjeshe kidogo, nikumbuke utoto."

"Mjomba, nisamehe. Kila kijiko kina kazi yake."

"Mimi? Nyumbani kwa dada yangu? Hujasikia, mgeni njoo, mwenyeji apone?"

"Nimesikia, mjomba. Mwenyeji wa hapa wageni ndio wanaomchelewesha kupona."

Mzee Shemboza akachukua fimbo yake. Maji hakuyagusa. "Basi mkiniona tena hapa," alisema, "jueni nimepotea njia."

Na Chiku akarudi ndani, akahesabu vijiko sita, asubuhi, mchana na jioni, kichwa cha mkwewe kikiwa juu ya mkono wake. Juisi ikimwagika kidevuni, aliikusanya kwa kijiko akairudisha. Hakupoteza tone.

Siku ya saba Bi Saumu alikunywa uji na haukurudi. Siku ya kumi na mbili akaketi. Ya kumi na nane akatoka mlangoni akishika ukuta, akauliza kwa nini hakuna aliyepika maharage. Zawadia alilia. Hoza alikaa chini pale pale kwenye vumbi, viganja vyake vimeingia rangi ambayo sabuni haikuitoa. Chiku alikwenda kupika maharage.

Ndipo ukaanza ule ugomvi.

"Bila miguu yangu mngechemsha nini?" alisema Hoza. "Majani?"

"Na bila moto wangu ungemnywesha vikapu vinne kwa vijiko sita?" alisema Zawadia. "Zingeoza mbele yake."

"Nyie mlileta na mkapika," alisema Chiku, "na chupa ya kwanza ikaishia kwenye matumbo ya majirani. Hoza kapoteza kabichi, wifi kapoteza wateja. Mimi nimepoteza jina. Kabichi huota, shemeji. Jina je?"

"Nawe ulimfukuza mjomba!" alisema Hoza.

"Nilimfukuza. Ningemfukuza tena."

Hapo Bi Saumu akasema polepole, "Nimepona, wanangu, na ninawashukuru. Lakini kila nikiamka naitazama njia ile, na kaka yangu hapiti."

Chiku aliiachia kamba, akaenda akapiga magoti mbele ya mkwewe. "Nitakwenda kumwomba radhi, mama. Kwa miguu. Ila siwezi kukudanganya kwamba najuta."

Bi Saumu akamwekea mkono kichwani, wa pili akaunyoosha kwa wale wengine wawili. Mikono ni miwili, watoto ni watatu, na mtamba ni mmoja.

Jioni alimlisha mtamba mwenyewe, akatuma neno kwetu: "Mimi nawapenda wote, kwa hiyo siwezi kuona. Wasiowazaa ndio waamue."

Wasiowazaa ni ninyi mlioketi hapa. Msinijibu "wote watatu"; jibu hilo Bi Saumu alikuwa nalo kabla yenu, na halikumfungua mtamba kwenye kamba. Hadithi nimewamiminia nzito kama ilivyotoka sufuriani, sikuongeza maji, nanyi mmeinywa yote.

Sasa mna deni. Nataka jina moja.