Magari Kumi na Moja Uani kwa Shemeji

Wahenga waliposema ukiona vyaelea, vimeundwa, hawakusema vimeokotwa. Lakini mwenye wivu hana masikio ya methali. Ana macho tu, nayo huishia pale kitu kinapong'aa. Ndivyo alivyokuwa Ergash wa mji wa Kokand.

Kila asubuhi aliketi katika mgahawa wa chai uliotazamana na gereji ya Tohir, mume wa mdogo wake Saodat, akahesabu magari. Siku hiyo yalikuwa kumi na moja uani, na mengine yakingoja barabarani. Chai ilimpoa mkononi. Wivu ulikuwa umemkaa kooni kama kokwa la pichi, haushuki wala hautoki.

"Kaka Ergash," muuza chai akamchokoza, "Tohir amekuajiri ukarani nini? Maana mwenyewe hajui idadi kama unavyoijua wewe."

"Mtu aliyekuwa akifua matambara ya grisi, leo anajenga ghorofa. Ana nini ambacho mimi sina?"

Swali hilohilo alimpelekea mama yake, akimwomba auze ng'ombe, kwa kuwa alikuwa amesikia habari za kozi ya umakanika mjini Tashkent: miezi mitatu, cheti chenye muhuri, na mwenye kozi anaapa kwamba mhitimu huingiza som, fedha ya huko, milioni kumi na mbili kwa mwezi. Ada nayo ni milioni kumi na mbili. Mwezi mmoja tu, ada imerudi! Hesabu hiyo tamu kama asali ilipigwa na watu ambao kucha zao hazijapata kuonja oili. Watu wa namna hiyo hawaishi. Kila zama huja na jina jipya, na mteja wao ni yuleyule: maskini mwenye haraka.

"Tohir ana miaka minne ya shida," mama akamjibu. "Wewe una ng'ombe wangu tu."

Lakini mama ni mama. Jumapili ng'ombe akaongozwa sokoni, na tangu siku hiyo bibi yule akawa ananunua maziwa kwa jirani.

Huko Tashkent Ergash alifundishwa kwa injini iliyokatwa ubavu na kupakwa rangi, isiyo na moto wala harufu. Akarudi, akakodi kibanda mkabala na gereji ya shemeji yake, akapigilia cheti ukutani, akatangaza nusu bei.

Mteja wa kwanza alikuwa dereva wa teksi, mzee mcheshi. Akakitazama cheti kile, kisha akauliza kama wanavyouliza watu wa huko: "Fundi wako mkuu ni nani? Nani alikufunga kitambaa kiunoni siku ya kukubariki kuwa fundi?"

"Muhuri huo hapo, mzee."

"Muhuri nauona. Nimeuuliza, haukunijibu."

Hata hivyo nusu bei ni nusu bei, akaliacha gari. Ergash akabadilisha mkanda wa taimingi, akaufunga meno matatu nje ya alama. Alipowasha, injini ikakohoa mara moja kama mgonjwa, ikanyamaza. Vali zilikuwa zimepinda.

Tohir alivuka barabara bila kuitwa. Siku mbili aliishughulikia injini ile kwa vipuri vyake mwenyewe, na hakudai kitu. Hilo lilimuuma Ergash kuliko tusi.

"Shemeji," Tohir akasema akijifuta mikono, "funga kibanda. Jumatatu uje kwangu na nguo chakavu. Utaanza kwa kuosha vipuri."

"Utanilipa ngapi?"

"Chakula cha mchana."

"Kwa miaka mingapi?"

"Kamuulize Saodat."

Ergash alikwenda akiwaka kama tanuri la mikate. Akamkuta mdogo wake dirishani, kofia nyeusi ya kudarizi pajani, sindano mkononi.

"Mumeo anataka kunifanya mtumwa. Yeye anakula nyama, mimi nioshe..."

"Nipitishie uzi kwanza, kaka. Tundu silioni."

Saodat alikuwa na miaka thelathini na mmoja. Ergash akapitisha uzi.

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka wa tatu wa mafunzo ya Tohir. Baba mkwe alimkabidhi kwa fundi mkuu kwa maneno ya desturi: nyama yako, mifupa yetu, yaani mtumie utakavyo, turudishie mzima. Nilidhani ni maneno tu. Yule fundi nyama aliila kweli. Miaka minne ya kazi, hata senti hakutoa. Tulikula kofia, kaka. Nilidarizi mia tatu na sitini za kuuza, siku nne kila moja. Siku moja nilikuja kwako kuazima unga. Unakumbuka ulichonijibu?"

Anayesema husahau, aliyerudi na bakuli tupu hasahau.

"Ulisema, mwambie huyo mfua matambara akukandie grisi."

Kisha Saodat akachoma sindano kitambaani.

"Mkeo anajua kudarizi?"

"Hajui."

"Basi mwambie aje nimfundishe kabla ya Jumatatu. Aje mchana, kungali na mwanga, nami ningali naona kidogo."

Ergash alirudi nyumbani kwa kichochoro cha nyuma, akitafuta maneno ya kumwambia mkewe, na hakuyapata. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Na mara nyingi aliyeviunda siye anayeonekana juu yake.