Kiti Kimoja cha Chumba cha Kamera

Hapo zamani, na si zamani sana maana lifti yao mpaka leo ni mbovu, palikuwa na jengo refu la ofisi jijini Nairobi, na mlangoni pake walisimama walinzi watatu. Nasema walisimama. Kukaa kulikuwa marufuku. Mlinzi akikaa, eti wageni wanapata "wrong impression".

Kazi yao, kwa anayeingia na anayetoka, ilikuwa fungua begi, chungulia, funga, karibu. Fungua, chungulia, funga, karibu. Kile chombo cha kutafuta chuma mwilini kilikuwa kimeishiwa betri, lakini amri ilikuwa wakipitishe tu, nao wakakipitisha. Miguu ikavimba. Macho yakabaki wazi bila kuona kitu.

Siku moja Syombua, mwanamke pekee kati yao, akasema, "Jamani, nitalala wima kama punda. Tucheze. Kabla begi halijafunguliwa, tubahatishe lina nini. Anayekosea anaenda kusimama juani."

Mwenzake Wafubwa akaudaka mchezo kama mtu aliyepewa chai ya moto. Akaanza kusoma watu: viatu, mabega, namna ya kushika mkanda wa begi. "Huyu ana chapati." Chapati! "Huyu ana Biblia na kitana." Kweli! Siku zikaanza kusogea.

Kiplimo, mlinzi wa tatu, alikataa. "Mimi nafungua tu. Niachieni uchovu wangu." Basi wenzake wakibahatisha, yeye anafungua.

Alasiri moja akashuka jamaa wa tai, anatoka, manukato yametangulia.

"Nguo za gym," Syombua akanong'ona.

"Wapi! Huyo amebeba mali ya wenyewe," akasema Wafubwa. "Ona anavyolikumbatia."

"Na ile tai?"

"Tai si cheti cha tabia njema, madam."

"Boss, niko na haraka," jamaa akamwambia Kiplimo.

"Begi," akasema Kiplimo, vile alivyomwambia kila mtu tangu asubuhi. Akafungua. Laptop za ofisi, zimepangwa kama mikate. Kiplimo akachungulia. Akafunga. "Karibu tena."

Lakini Wafubwa alishaona. "Nimeshinda!" akapaza sauti, ngumi hewani. "Syombua, juani!"

Jamaa akadhani amepigiwa kelele za mwizi. Akatupa begi, akatimua mbio.

Meneja wa jengo akashuka. Ana digrii kama yangu mimi msimulizi, ila yake ina mjomba. "Good work, vijana. Mmoja wenu atahamia chumba cha kamera. Huko unafanya kazi umekaa. Lakini kiti ni kimoja."

Syombua akasema, "Kiti ni changu. Nilikosea, sawa, lakini bila mchezo wangu tungekuwa tumelala sote. Na magoti yangu yamekwisha."

"Nani alimjua mwizi?" akauliza Wafubwa. "Nani alipiga kelele?"

"Wewe ulikuwa unajishangilia, mzee," Kiplimo akamjibu. "Nisingefungua begi, ungeona nini?"

"Ukalifunga tena!" akasema Wafubwa.

"Nilikuwa nimechoka."

"Nani hajachoka hapa?"

Meneja akatazama simu yake, akapiga miayo.

Haya, nyinyi mnaonisikiliza mmekaa, tena mmeegemea, msiniambie "wote". Wote hawaenei. Aliyezua mchezo akakosea, aliyepatia akashangilia, au aliyefungua asione: je, nani alistahili kukaa?