Muziki Alioandikiwa Dada

Mtunzi aliandika muziki wake kwa penseli, na kifutio chake kilifanya kazi kuliko penseli yenyewe. Chumbani mwake mlikuwa na piano iliyochakaa, meza moja, na takataka za kifutio zilizotapakaa sakafuni kama pumba. Alikuwa na mwiko mmoja: mpigaji hapewi karatasi hata moja mpaka noti ya mwisho itulie. Mwiko huo ulimjengea jina.

Mwaka huo alikuwa akimwandikia dada yake, mpiga sello, ile fidla kubwa inayoegemezwa magotini. Dada ndiye aliyemfundisha kusoma noti alipokuwa bado anang'oka meno ya utoto. Sasa ugonjwa ulikuwa ukimla misuli ya mikono polepole, kama mchwa katika boriti. Daktari alimwambia amebakiwa na miezi sita au saba ya kushika upinde wa sello.

Kila Jumamosi dada alikuja, akaketi kando ya piano.

"Mdogo wangu, nipe japo ukurasa wa kwanza."

"Bado, dada. Mwisho haujakaa sawa."

"Mimi naomba mwanzo, wewe unaniambia habari za mwisho."

"Nikibadili mwisho, na mwanzo utabadilika. Utajifunza kitu kitakachofutwa."

"Basi nijifunze cha kufutwa. Wewe ungekuwa tembo, mama angekuwa na mimba yako mpaka leo."

Wakacheka wote wawili. Hakumpa.

Hakumnyima kwa choyo. Alijua hiyo ndiyo zawadi ya mwisho, akataka isiwe na doa. Kurasa kumi na moja zilikuwa tayari. Wa kumi na mbili ndio uliomtoa jasho. Aliandika, akafuta, akaandika tena, hadi karatasi ikatoboka.

Mwezi wa tano tangu kauli ya daktari, ukurasa ule ukatulia. Alikwenda kwa dada mbio, kurasa zote kifuani. Dada alimfungulia mlango kwa kiwiko. Akazisoma kwa macho, moja baada ya nyingine, bila haraka.

"Ni nzuri," akasema. "Nitolee sello."

Upinde ulimponyoka mara mbili. Ulipoanguka mara ya tatu, hakutaka kuokotewa.

"Tafuta mwingine, mdogo wangu. Ugonjwa haukusoma kalenda ya daktari."

Mwaka mmoja baada ya mazishi, muziki ule ulipigwa na mwanamke hodari kutoka mji mwingine. Siku ya mazoezi alisimama katikati ya ukurasa wa kumi na mbili.

"Mwalimu, hapa vidole vinabanana bure. Naweza kupanua?"

 Kidole cha mwisho cha dada kilikuwa kifupi, na mtunzi alikuwa ameipima kila noti kwa mkono ule.

"Panua," akasema.

Jioni ya onyesho ukumbi mzima ulisimama kumpigia mtunzi makofi. Yeye alikuwa amesikiliza kazi yake kama mtu asikiaye mazungumzo ya chumba cha pili. Ama kweli, chelewa chelewa utamkuta mwana si wako.